Michembe Aliyoiomba

Sijamsamehe, na siandiki haya ili nijifunze kusamehe. Naandika kwa sababu watu wa Bariadi wanaendelea kulisimulia jambo hili vibaya. Wanasema nilimwekea mtu kitu kwenye chakula. Sikumwekea kitu. Nilimpa alichoomba, kimechaguliwa kipande kwa kipande, kwenye ndoo safi yenye mfuniko.

Kabla ya hapo nilimpenda, kama mwanafunzi anavyompenda mwalimu asiyejua kwamba yupo. Sijasoma chuo chochote cha upishi. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kukunja na kuficha, nikapanga chumba mjini na kuanza kupika chakula cha mchana kwenye kibanda karibu na soko. Kila ninachokijua zaidi ya alichonifundisha mama kilitoka kwake, mpishi maarufu niliyemtazama kwenye video za simu. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika kisu vizuri, kukaanga kitunguu kwa subira, na kufuta ukingo wa sahani kabla haijamfikia mteja. Wateja wangu wengi ni wapakiaji wa marobota ya pamba, na hawakunionea huruma.

"Dada, hiyo sahani unaifuta au unaiogesha? Lete ugali!"

Maisha yake niliyajua kwa kichwa, maana aliyasimulia kila alipopata nafasi. Alianza kwa kuosha masufuria katika hoteli moja Dar es Salaam, akafukuzwa kwa kuonja mchuzi wa mpishi mkuu bila ruhusa, akaanza kujirekodi akipika kwenye jiko la mkaa uani kwa shangazi yake. Watu wakaongezeka. Yakaja matangazo ya viungo, kikaja kipindi cha televisheni, ikaja aproni nyeusi yenye saini yake kifuani. Ule mchuzi uliomfukuzisha kazi ndio uliozaa msemo anaoufungia kila video: "Onja kwanza, uliza baadaye!" Nami nilikuwa nausema peke yangu kibandani, nikionja maharage, nikijisikia kama tunafahamiana.

Kiangazi kimoja nikaamua kurekodi video yangu ya kwanza, nyumbani kwa mama, kijijini Nkoma. Hapa nieleze kidogo kwa asiye wa huku, kwa sababu kesi yote iko hapa. Viazi vitamu tunavikausha kwa njia mbili. Ukivimenya, ukavikata vikiwa vibichi na kuvianika, hiyo ni michembe, na lazima ipikwe ndipo iliwe. Ukivichemsha kwanza, ndipo ukavikata na kuvianika, hayo ni matobolwa. Hayo unayatafuna makavu vilevile, matamu, ukishushia na chai. Mgeni akiletewa kipande kilichokauka hajui ni kipi. Mtoto wa Nkoma anakigonga kwa ukucha tu, anakwambia.

Mama anatwanga matobolwa na karanga za kukaanga na chumvi kidogo, kisha anafinyanga vitonge vya kubeba shambani siku za kuchuma pamba, kwa sababu kule hakuna muda wa kuwasha moto. Alifundishwa na mama yake. Sijaona nyumba nyingine inayofanya hivyo.

Nilirekodi mara saba. Mara ya kwanza kivuli changu kiliingia kwenye kinu. Mara ya nne kilemba kililegea. Mara ya sita jogoo aliwika katikati ya sentensi. Mara ya saba kila kitu kilikaa: mwanga, mikono, viazi vinavyochemka, jabali la kuanikia nyuma yangu. Nikatabasamu, nikataja jina langu, nikasema, "Leo tunatwanga michembe."

Nilikuwa nimeshika matobolwa.

Sikulisikia kosa hilo mpaka nilipoitazama video jioni. Matobolwa ya mama yalikuwa yamekwisha, nisingeweza kurekodi tena, na mimi mwili mzima ulikuwa wa moto kwa aibu, ingawa hakuna aliyeniona. Mtu mwingine angeirusha tu, watu wacheke, maisha yaendelee. Mimi siwezi. Mimi ni mtu wa kurudi kutoka njiani kwenda kuangalia kama nimefunika sufuria.

Lakini yeye alikuwa amewaambia wafuasi wake, "Nitumieni kazi zenu nizikosoe." Nikamtumia. Nilimwomba anisaidie kuhusu mwanga, na lile neno nikalinyamazia, nikitumaini hatalitambua. Akajibu, "Kazi nzuri dada." Maneno matatu. Niliyasoma mpaka nikaona aibu kuyasoma tena.

Wiki tatu baadaye akarusha video mpya. Kinu, karanga, chumvi kidogo, viazi alivyovichemsha na kuvikausha kwenye oveni, vitonge vilivyofinyangwa kwa kidole gumba kama anavyofanya mama. Akasema ni siri aliyorithi kwa bibi yake. Kisha akaitazama kamera na kusema, "Leo tunatwanga michembe."

Mwizi alibeba mpaka kosa langu.

Niliandika chini ya video kwamba kile ni chakula cha mama yangu. Wafuasi wake wakanijibu, "Wivu utakuua, dada," na kabla ya adhuhuri alikuwa amenifungia nisimwone tena. Kwa karibu mwaka mzima nilipika maharage nikimfikiria. Nilimtakia vitu ambavyo sitaviandika, kwa sababu mama anasali na anaweza kusomewa haya.

Kisha yakaja maonyesho ya wakulima hapa Bariadi, na yeye akaalikwa kupika jukwaani. Alihitaji mtu wa kumwandalia vyakula vya huku. Akauliza watu, wakampa namba ya mama ntilie msafi kuliko wote mjini. Ukingo wa sahani ndio uliomleta kwangu. Hakujua ni mimi, na sauti yangu hakuikumbuka.

"Dada wa Bariadi," alisema kwenye simu, mchangamfu kama kwenye televisheni. "Nataka ndoo moja ya michembe. Mikavu, tayari kwa kutwanga."

Nikauliza, "Michembe?"

"Michembe, dada. Huijui? Si chakula cha kwenu hicho!"

"Naijua, kaka," nikasema. "Utapata michembe."

Nakiri kwamba niliuliza mara moja ili dhamiri yangu iwe na shahidi. Nakiri pia kwamba nilipokata simu nilicheka, kicheko ambacho sikukipenda, na sikukizuia.

Nilikwenda Nkoma. Mama aliuliza michembe ni ya nini, nikamwambia kuna mgeni wa televisheni atapika kwenye maonyesho. Akafurahi, akatoa ile ya akiba. Nilikaa chini nikaichagua, nikatupa kila kipande chenye doa. Nilikuwa nalipiza kisasi, ndiyo, lakini siwezi kumpa mtu kitu kichafu.

Siku yenyewe mama alikuja na wanawake wenzake watatu, wamevaa vitenge vya kanisani. Tulikaa mstari wa mbele. Msaidizi wa mpishi alishika simu juu ya kijiti, kila kitu kinaruka mubashara. Yeye alipofungua ndoo na kumimina michembe moja kwa moja kwenye kinu, mwanamke mmoja alimgusa mama.

"Mayu," akamwita, yaani mama kwa lugha ya kwetu, "mbona haipiki?"

"Labda anatuonyesha kwanza," mama akasema. "Subiri."

Hakutuonyesha. Alitwanga. Vumbi jeupe lilipanda mpaka kwenye saini ya aproni. Akatia karanga, akatia chumvi, na vitonge vilipokataa kushikana akaongeza maji, jambo ambalo mama hajawahi kulifanya.

"Baba, hiyo ni mbichi!" mtu akapiga kelele.

Akapunga mkono, akidhani anashangiliwa. Akakiinua kitonge mbele ya kamera. "Kama bibi yangu alivyokuwa akisema: onja kwanza, uliza baadaye!" Akauma.

Mashavu yalizunguka mara mbili, kisha yakapunguza mwendo. Michembe mibichi ikitwangwa ni unga, na unga mbichi mdomoni ni kama chaki. Alijaribu kumeza kwa ajili ya kamera. Akakohoa, unga ukamtoka puani, akatemea kwenye kitambaa cha mkononi.

Uwanja mzima ulicheka. "Kaka, bibi yako alikuwa na meno ya fisi?" Mwingine akadakia, "Mpeni maji, atakuwa uji tumboni!"

Natamani niseme nilijisikia vibaya. Nilijisikia kama mtu aliyevua kiatu kilichombana mwaka mzima.

Akafuta mdomo, akatabasamu. "Samahani wapendwa, mzigo tulioletewa ni mbovu. Aliyeuleta ni yule dada pale, mwenye kilemba cha njano."

Kamera ikanigeukia. Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa kwamba michembe ile ilikaushwa na mama, na mama amekaa kando yangu.

"Mbovu?" mama akasema.

Alipanda jukwaani polepole, akachukua kipande kilichobaki kwenye ndoo, akakigonga kwa ukucha karibu na maikrofoni. Tk, tk. "Hii ni michembe, baba. Ni mizima kabisa. Michembe inapikwa. Wewe ulitaka matobolwa."

"Mama yangu, nyumbani kwetu tunaita michembe. Bibi aliita hivyo."

"Bibi yako wa wapi?"

"Wa... huku huku."

"Huku wapi? Shishiyu? Lalago? Nitajie kijiji, labda namfahamu."

Msaidizi akashusha simu. Mama akarudi kukaa, na bila kunitazama akaniuliza kwa sauti ndogo, "Aliomba michembe, na wewe hukumwambia?"

"Sikumwambia."

"Akaitema michembe yangu mbele za watu."

Jioni ile wafuasi wake walikuwa bado wanamtetea. Dada wa Bariadi kampelekea mzigo mbovu, waliandika, watu wa mikoani hawana shukrani. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kuwanyamazisha, na kitu hicho ndicho nilichokuwa nakificha: video ya mara ya saba, pamoja na ujumbe niliomtumia wiki tatu kabla ya yake. Nisingeweza kuikata ile sentensi ya "tunatwanga michembe". Ilikuwa ndiyo alama ya kidole ya mwizi. Kumwonyesha mwizi kulikuwa na maana ya kumwonyesha kila mtu kwamba mimi, mtoto wa Nkoma, nilishika matobolwa nikayaita michembe.

Nikairusha bila kuigusa.

Watu walizipanga video mbili bega kwa bega. Kinu na kinu, gumba na gumba, neno baya na neno baya. Mama alionyeshwa na jirani, akanipigia.

"Kwa hiyo wa kwanza kukosea ni wewe."

"Ni mimi, mayu."

"Na hili ndilo ulilolificha mwaka mzima? Hili tu?" Kisha akaanza kucheka, akashindwa kuendelea kuongea. Nilimsubiri amalize. Alichukua muda mrefu.

Siku ya tatu akapiga mpishi mwenyewe. Sauti ya televisheni haikuwepo.

"Dada, futa ile video. Tutaongea kama familia. Nitakutaja, nitasema umenisaidia."

"Utanitaja nani?"

"Wewe, dada yangu."

"Taja jina langu, nifute."

Nilimsikia akibonyeza simu, akitafuta. "Dada wa Bariadi..." alianza.

Nikakata. Wateja walikuwa wanasubiri, na nilikuwa na sahani sita za kufuta. Jina langu lipo kwenye ile video, sekunde ya tatu, kabla tu sijakosea. Alinakili kila neno lililofuata.