Madaftari Matatu, Mteremko Mmoja

Nilikichukia kikundi chetu tangu mhadhiri alipotusomea majina. Ruksa ya kila mtu kujitafutia chake ilikuwa imeingia kila mahali, kila mwamba ngoma anavutia kwake, na sisi wa chuo kikuu tuliona kujifunza kwa kushirikiana ni ujamaa uliosahauliwa darasani. Alama moja kwa watu watatu? Nimbebe nani, na kwa nini?

Tulipelekwa Usambara wiki nzima kuchunguza udongo wa bonde moja, njia ya Rangwi. Sharti lilikuwa kila jioni tuelezane tulichokiona. Hatukuelezana. Mjane aliyetupokea kwake alitukuta tunaandika, kila mmoja amelikinga daftari lake kwa mkono, akacheka.

"Wanangu, nyie ni wasomi au watoto wa darasa la kwanza? Mbona mnafichana?"

Akatuwekea ugali na maharage katika sinia moja. Tulikula tukiona haya.

Jumatano mvua ilianza, ikagoma kukatika. Siku ya pili yake nilipanda hadi shamba lililo juu ya nyumba ya mjane, nikakuta ufa ardhini. Nilipoingiza mkono ulizama hadi kiwiko. Niliogopa, sisemi uongo, lakini furaha ilizidi woga. Niliupima, nikauchora, nikanyamaza. Huu ulikuwa wangu.

Ijumaa asubuhi tulishuka Lushoto mjini kuwasilisha kazi. Mwenzetu wa kwanza akasoma: mlango wa mama mwenyeji wetu, uliofungika vizuri Jumatatu, sasa haufungiki, fremu imepinda. Wa pili, binti wa wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Amani, akasoma: chemchemi chini ya nyumba imegeuka tope. Ikafika zamu yangu. Nilipotamka ufa, tulitazamana sote watatu.

Mhadhiri aliweka kalamu chini. "Mwenye nyumba ameambiwa na nani?"

Tuliyaacha madaftari mezani, tukakimbilia nje. Mvua iliendelea kupiga bati.

Tulifika bondeni mchana. Shamba la juu lilikuwa limeshuka lote, na pale palipokuwa na nyumba palionekana udongo mwekundu na kona ya bati tu. Wanakijiji walikwishaitana kwa msaragambo, kama wanavyoitana kuchimba mfereji, wanafukua. Mzee mmoja alituangalia, akatupatia jembe moja.

Tulipokezana jembe lile watatu hadi alasiri, tulipoufikia mwili wa mama. Ndiyo kazi pekee ya kikundi tuliyowahi kuifanya.