Maka Aliyekataa Kushindwa Sita kwa Nne

Lourenço alirudi kutoka mechi yake ya Riyadh, akatupa mfuko wa raketi mbele ya kibanda cha ulinzi, akamwambia Anko Elphas, "Wewe umenidanganya wiki nzima."

Anko, ambaye ni kaka ya mama, alikuwa anakula chapati tulizomletea kutoka kwetu mtaa wa Malaz. Akaiweka chini. "Nimekudanganya na nini?"

"Na raketi."

Shule zilikuwa zimefungwa na mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama aliniita mara mbili twende. Sikusikia.

Lourenço ni Mreno wa miaka kumi na tisa. Kwao ni Setúbal, mji wa bandari, na baba yake ni fundi wa injini za feri. Aliacha masomo miaka miwili iliyopita ili awe mchezaji tenisi wa kulipwa, na tangu hapo amezunguka Tunisia, Misri na Uturuki kwenye mashindano ya ngazi ya chini kabisa, yale ambayo watazamaji ni paka wawili na mama ya mchezaji mmoja. Riyadh alifikia kwa binamu yake, mhandisi anayeishi kwenye kompaundi anayolinda Anko. Hakuwa na kocha wala pointi.

Nilimuuliza pointi ni nini. Akasema ukishinda mechi moja kwenye droo kuu unapewa pointi moja, na bila hiyo jina lako haliko kwenye orodha ya dunia. "Kompyuta haijui kama nilizaliwa," akasema. Yalikuwa yamebaki mashindano ya Jeddah tu. Akitoka huko mikono mitupu, baba yake ameshamtafutia ovaroli kwenye feri.

Anko naye kabla ya kuwa soja wa getini alikuwa maka kwenye klabu moja ya Nairobi, yaani yule mfanyakazi anayecheza na mwanachama ambaye hana mwenzake. Miaka kumi na moja. Watu hufikiri kazi ya maka ni kucheza tenisi. Kazi yake ni kushindwa vizuri. Mwanachama akiwa jaji, tuseme, unampelekea mpira kiunoni upande wa kulia kwa sababu bega la kushoto linamuuma. Na unashindwa sita kwa nne, si sita kwa moja, kwa sababu sita kwa moja mwanachama atashuku. Mkono wa Anko ulishazoea. Bosi wa kompaundi alipogundua kwamba anajua tenisi, akampa ufunguo wa uwanja, na kila Alhamisi jioni Anko alifungwa na bosi sita kwa nne.

Kwa hiyo Lourenço alipoomba mtu wa kufanya naye mazoezi, Anko alimchezea alivyozoea. Mpira mtamu, wa kiunoni, wiki nzima. Kijana akajiona mfalme. Halafu akaenda mechini, akakutana na mtu anayekata mipira mifupi na kuipinda, akafungwa sita-moja, sita-mbili.

"Sitaki mpira mtamu," akamwambia Anko. "Nataka mtu wa kunishinda."

Anko alitafuna chapati yake hadi ikaisha. "Kesho nikitoka zamu, saa kumi na mbili asubuhi. Na uache hayo manukato, unaenda kutoka jasho."

Asubuhi ile nilimwona mtu nisiyemjua. Anko alikuwa na suruali ileile ya ulinzi, tumbo lilelile, lakini mpira ukitoka kwake ulikuwa unadunda na kukimbilia pembeni kama umeitwa. Anamvuta Lourenço mbele kwa mpira mfupi unaokufa karibu na wavu, halafu anaupitisha mwingine juu ya kichwa chake. Sita-bila. Lourenço alitukana kwa Kireno, na Anko akamjibu kwa Kiluhya, kila mmoja akaridhika.

"Anko, kumbe unajua kucheza hivi?"

"Ningecheza hivi Nairobi ningefutwa kabla ya chai ya saa nne."

Siku ya nne bosi alipita na kikombe chake cha kahawa. Akasimama kwenye seng'enge. Mlinzi wake alikuwa anaongoza tano kwa mbili, amebakiza mpira mmoja.

"Elphas," akaita. "Huyo ni mgeni wetu. Mpe mpira apate moyo."

"Yeye mwenyewe ameukataa, bosi."

"Mimi ndiye nimesema. Yalla, mpe." Akanywa kidogo. "Na ikama yako inaisha Rajabu, sivyo?" Ikama ni kibali cha kuishi Saudia, na bosi ndiye anayekitia sahihi.

Lourenço alinong'ona, "Fanya anavyotaka, sina neno." Anko aliudundisha mpira mara tatu. Najua alikuwa anafikiria ada ya shule ya Naftali, mwanawe, kwa sababu hata mimi niliifikiria. Halafu akaanzisha, chini kabisa kwenye kona, na Lourenço hakuugusa.

"Sita-mbili, bosi," akasema.

"Halas. Lete ufunguo."

Anko akautoa kwenye mnyororo wake, akampa mkononi, na kesho yake wakafanya mazoezi nyuma ya maegesho, kati ya mapipa ya taka na ukuta. Nilidhani Anko angekasirika. Alikuwa anapiga mluzi.

Anko alikuwa na siku nne za likizo. Akazichukua. Mama akakubali tuandamane naye kwa basi hadi Jeddah, tukalala mtaa wa Kandara kwa Risper, rafiki ya mama, na Anko akapata kitanda kwa madereva Wakenya jengo la jirani. Jeddah si kama Riyadh. Hewa ni nzito, shati linakushika mgongoni saa mbili asubuhi, na Anko alisema mpira nao unalowa unyevu na kuwa mzito, mzuri kwa kukata.

Lourenço alivuka raundi za mchujo. Ikabaki ile mechi yenye pointi, dhidi ya Mslovakia mrefu kama nguzo ya stima. Kila mmoja akachukua seti moja. Ya tatu, tano kwa nne, na Lourenço anahitaji mpira mmoja tu. Walipigiana mipira kwa nguvu hadi nikaacha kuhesabu. Halafu Lourenço akavuta mkono nyuma kama anayetaka kuuvunja ule mpira, na akaukata, mfupi, mbaya, ukafia karibu na wavu. Nguzo ya stima ikakimbia, ikaufikia, ikaupiga wavuni.

Lourenço hakuruka wala kulia. Alituelekezea raketi pale tulipokaa.

"Huo mpira ni wangu," Anko akaniambia, na macho yake yalikuwa na maji. Ilikuwa ni joto, alidai.

Lourenço akaendelea na safari, Misri tena, safari hii jina lake likiwa kwenye orodha, karibu na mwisho kabisa. Sisi tukarudi Riyadh. Ilipofika Alhamisi, bosi akaja kibandani na raketi mbili na ule ufunguo. "Yaliyopita yamepita," akasema. "Twende, Elphas. Kama kawaida."

Niliwafuata. Gemu ya kwanza Anko akashinda. Ya pili, ya tatu. Bosi alianza kuhema.

"Leo umeamkaje, wewe?"

"Salama, bosi. Leo tunacheza."

Ikaisha sita kwa moja. Bosi alijifuta uso kwa taulo muda mrefu kuliko jasho lililokuwepo. Akatoka, na ufunguo akauacha kwenye kufuli. Sijui kama alisahau.

"Anko, na ikama?"

"Tutaonana hiyo Rajabu."

Akaokota mipira yote mwenyewe, akavaa kofia yake ya ulinzi, akaenda kufungua geti. Gari la bosi lilikuwa linasubiri kutoka.