Mbuke na Maksai wa Shule

"Mbuke, maneno yako huwa unayaficha wapi?"

Lusia aliuliza hivyo mwaka 1973, wakiwa darasa la pili, dawati moja, katika shule ya msingi huko Usangu. Mbuke akatazama vidole vya miguu yake tu. Tangu aandikishwe hakuwahi kumjibu mtu shuleni. Hata ruhusa ya kwenda chooni hakuomba.

"Shikamoo, Gogo!" Asukile, mtundu wa darasa, alizoea kumpigia magoti, akimfananisha na gogo la mti, na darasa zima likaangua kicheko.

Ajabu ni kwamba nyumbani Mbuke alikuwa kasuku! Baba yake, mzee Nyanda, alikuwa Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Siku Lusia alipotumwa maziwa kule, alimsikia Mbuke akigombana na kaka zake, akiimba, akiita ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Alipomwona Lusia mlangoni pa zizi, kimya.

"Ni kiburi," akasema mwalimu mkuu, Sedekia. "Asiposoma kwa sauti kabla hatujafunga shule, abaki kwao achunge."

Mvua za kwanza ziliponyesha, shule iliazima maksai wawili wa mzee Nyanda kulima shamba la shule. Walimu wale walikuwa watu wa milimani, wa jembe la mkono. Plau waliijua kwa macho tu. Wakapiga kelele, wakachapa fimbo. Maksai mmoja akalala kwenye mtaro. Asukile akamvuta mkia. Wapi!

Ndipo Mbuke akatoka kwenye mstari wa wanafunzi waliokuwa wakitazama, akachuchumaa sikioni pa yule maksai, akamwambia jambo kwa Kisukuma. Kwa sauti! Maksai akainuka.

"Gogo limesema!" Watoto wakarukaruka, walimu wakapiga makofi.

Mbuke hakuonekana shuleni siku tatu.

"Tumemfukuza kwa makofi yetu," mwalimu wao, Damari, alimwambia Sedekia. "Mkuu, huyu hana kiburi. Anaogopa. Niachie wiki mbili."

Mbuke aliporudi, maksai walikuwa bado shuleni, wakifungwa kando ya stoo, na kila jioni Damari alimpa kitabu. "Wasomee maksai," alimwambia, kisha akakaa mbali, amempa mgongo, akichambua mchele. Lusia aliruhusiwa kushika kamba, ila asimtazame. Wiki ya kwanza midomo tu ndiyo ilicheza. Ya pili ukaja mnong'ono. Siku ya mwisho Sedekia alijibanza nyuma ya stoo, kofia mkononi, na Mbuke akasoma ukurasa mzima bila kukwama hata mara moja. Nywele zilimsisimka Lusia. Maksai wakicheua taratibu, na sauti ile, nyembamba, safi, ikienda! Sedekia aliondoka akinyata, hata kukohoa hakukohoa. Januari jina la Mbuke likaitwa darasa la tatu.

Mwaka 1979 Lusia, sasa mwanafunzi wa sekondari Iringa, alikuja likizo Mbeya. Sokoni Mwanjelwa akasikia, "Mchele wa Usangu huo, mama! Nusa kwanza, ndipo uringe!" Akageuka. Mbuke!

Walikumbatiana, wakacheka. Wateja walipopungua, Lusia akamuuliza tena lile swali la dawatini.

Mbuke alichota mchele, akauachia upite vidoleni.

"Sikuyaficha. Umewahi kuona ng'ombe wakifika mtoni, wakakuta watu wamejipanga ng'ambo wanawakodolea macho? Wana kiu, lakini hawashuki. Mwalimu Damari aligeuka akatazama pengine, basi, nikashuka."