Simu Kando ya Pedali ya Klachi

Asubuhi ile pikapu yetu iligoma kuwaka, na maharage yetu yalikuwa bado shambani Bonga. Vibarua walikuwa wameshayapiga na kuyatia kwenye magunia, na mama mkwe wangu alikuwa huko akiyalinda. Nilipotoka nje, hapa nyumbani Maisaka, niliuona mlima Kwaraa umejifunika wingu mpaka kiunoni. Nikajua mvua haitasubiri.

Nilikanyaga klachi, nikazungusha ufunguo. Kimya. Si ule mlio wa gari lililochoka, bali kimya kabisa, kama nimezungusha ufunguo wa mlango. Jirani yangu mwenye duka alikuja, nikamwamkia shikamoo, akaniambia ni betri. Lakini taa ziliwaka vizuri na honi ililia mpaka kuku wakatawanyika. Akasema basi tutafute watu walisukume.

Nikampigia mume wangu. Yeye yuko mgodini, Kanda ya Ziwa, anaendesha mitambo mikubwa, na wakati huo alikuwa ametoka zamu ya usiku, anataka kulala. Huja nyumbani wakati wa likizo tu. Kwa kawaida tunaongea Jumapili jioni: watoto wamekula, mama anaendeleaje, haya, usiku mwema. Si kwamba hatupendani. Maneno ya simu huisha haraka, nami siwezi kumwambia mtu kwenye simu kwamba upande wake wa kitanda nimeupangia nguo zilizokunjwa ili usionekane mtupu.

Nilimweleza habari za gari. Aliuliza kama taa zinafifia ninapozungusha ufunguo, nikasema hazififii. Aliuliza kama stata, ile mota ya kuwashia injini, inagonga hata kidogo, nikasema haigongi. Habari ya kusukuma hakuitaka; alisema litawaka, ndiyo, lakini nikilizima shambani nani atanisukumia na mzigo? Kisha akanyamaza. Ule unyamavu niliujua. Ndivyo alivyokuwa akinyamaza amelala chali chini ya gari hili hili uani kwetu, nami nimekaa kwenye kigoda namenya viazi, tusiseme neno mpaka chakula kiive.

Akaniambia niweke simu kwenye spika, niishushe karibu na pedali ya klachi, halafu nikanyage taratibu mpaka mwisho. Nikainama, nikakanyaga kwa mkono.

“Rudia,” alisema. Nikarudia.

“Siisikii. Huwa inalia tik, kidogo tu. Hapo juu ya pedali kuna swichi ndogo. Isipojua kwamba umekanyaga, stata haipati umeme.”

Nilipapasa kwa kidole mpaka nikaigusa, kitufe kidogo kilichozama ndani bila kurudi. Aliniambia nitoe gia kabisa, nivute breki ya mkono, nichomoe soketi yenye waya mbili pale kwenye swichi, niziunganishe tundu zake kwa kipande cha waya. Jirani alileta waya kutoka dukani na kuumenya kwa meno. Niliuchomeka, nikazungusha ufunguo, na gari likawaka.

Jirani alishika kichwa akicheka. Mimi nilikuwa nasikiliza simu. Mume wangu alinionya kwamba sasa gari haliulizi tena kama nimekanyaga klachi, kwa hiyo nisiguse ufunguo kabla ya kuhakikisha nimetoa gia, na swichi mpya iwekwe mapema. Nikasema nimeelewa, akalale. Nilikuwa nanyoosha kidole kukata.

“Mama watoto,” alisema, “usikate. Niweke hapo kwenye kiti. Nataka kulisikia linavyoondoka.”

Basi nikamweka kwenye kiti cha abiria. Nilipita sokoni, akasikia kelele za bodaboda akauliza kama wale wauza mahindi ya kuchoma bado wako pale. Nikasema wapo. Tulipofika kwenye ziwa letu, njia ya kwenda Bonga, nilimwambia maji yamepanda na magugu yamesogea hadi karibu na barabara. Aliuliza yananukaje. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ziwa linanukaje. Nikashusha kioo, nikamwambia linanuka matope na samaki, kama siku zote. Nilimsikia anavuta pumzi, kisha anaishusha. Nikaendesha polepole kuliko ilivyonipasa, huku wingu likinifuata nyuma.

Kwenye kilima cha Bonga mtandao ukakatika. Niliendelea kuongea kidogo kabla sijagundua.

Maharage tuliyapakia, mimi, mama mkwe na vibarua, na mvua ilitukuta tunafunga turubai la juu. Mama mkwe aliuliza nani ametengeneza gari, nikamwambia ni mwanawe. Alitazama upande wa kiti cha abiria kama anayemtafuta, kisha akapanda akakaa hapo, miguu yake ikiwa na matope.

Jioni nilipata ujumbe wa mume wangu: alikuwa amelala vizuri, usingizi ambao hakuwa ameupata kwa siku nyingi.

Fundi wa mjini aliweka swichi mpya wiki ile. Sasa nikikanyaga klachi inalia tik, na gari linawaka mara moja. Nilimshukuru, nikakaa kwenye usukani kwa muda, simu mkononi. Ilikuwa katikati ya wiki na gari halikuwa na tatizo lolote. Nikampigia mume wangu hivyo hivyo.