Picha Thelathini na Nne za Maimunah

Kwa miaka kumi na miwili Maimunah alipiga picha nje ya ukuta wa Lubiri, kasri la Kabaka, pale Mengo, Kampala. Maharusi, wahitimu, watu wa pasipoti, wote walimjua. Kisha simu zikaingia mifukoni mwa kila mtu, naye akauza kamera yake na kuanza kuuza mashuka. Hakulalamika, ila kila alipomwona mtu anapigwa picha kwa kuelekezwa juani, ulimi ulimuwasha.

Mwaka huu, sokoni Nakivubo, aliona kamera ndogo nyeusi ya filamu katikati ya redio kuukuu za Ambroise, Mkongo anayeuza vyombo vya umeme. Ilikuwa ya aina ile inayojipimia umbali yenyewe.

"Mama, hiyo ilishakufaka," Ambroise alimwambia. "Kamata redio."

Maimunah alifungua kifuniko cha betri, akaona kutu ya kijani. Akaisugua kwa kifutio cha penseli hadi shaba ikang'aa, akatia betri mpya. Lenzi ikachomoza ikilia *zzii*. Ambroise alipiga makofi, akampunguzia na bei.

Jumamosi, nyumbani kwa dadake Zuleika, wanawake wa Kinubi walikusanyika kusuka tabaga, zile kawa za rangi za kufunikia chakula.

"Dada, kioo chake kiko wapi?" Zuleika aliuliza, akiigeuza kamera mkononi. "Utajuaje kama picha imetoka?"

"Nitajua tu."

Zuleika na mwenzake walikuwa wameketi wameachana kidogo. Mgeni wa kazi angelenga katikati yao, na kamera ingeshika ukuta wa nyuma, nyuso zao zitoke ukungu. Maimunah alilenga uso wa dadake, akabonyeza kitufe nusu, akakishikilia hadi taa ya kijani ikatulia, akaisogeza kamera taratibu hadi wote wawili wakaingia, ndipo akamalizia kubonyeza.

Okidi, fundi wa kusafisha filamu, alipomkabidhi picha alimtazama mara mbili.

"Nani alipiga hizi?"

"Mimi."

"Thelathini na sita, na thelathini na nne ni safi kabisa! Vijana wananiletea filamu nzima ukungu mtupu. Niachie moja niitundike dirishani."

Maimunah alikubali, ila jina lake liandikwe chini, lote, kwa herufi kubwa.

Wiki iliyofuata alisimama nje ya dirisha lile, mikono kiunoni, akiitazama picha yake. Mama mmoja aliyekuwa akipita akasimama pia.

"Huyu mpiga picha unamjua? Binti yangu anaolewa."

"Namjua vizuri sana," Maimunah akasema, akatoa kalamu amwandikie namba.