Mfasiri wa Wawi na jasusi mpya

Mfasiri wetu wa banda la video hapa Wawi huizima sauti ya Kizungu, akawasemea wote mwenyewe: maadui, mabibi, hata mbwa. Maikrofoni anaishika kwa mikono miwili kama kikombe cha uji wa moto, na jasusi wa zile filamu tunazozipenda akitaka kusema, yeye kwanza hukohoa kidogo. Basi juzi ikaja filamu mpya ya jasusi yule yule, lakini mchezaji wake kabadilishwa, kawekwa kijana. Mimi nikampenda palepale, anakimbia huyo! Mfasiri akaiweka maikrofoni mapajani.

"Mbona huyu humsemei?" akauliza Ngwali, jirani yangu wa benchi.

"Simjui. Jina la mwenziwe, gari ya mwenziwe, suti ya mwenziwe. Mwenyewe yuko wapi?"

"Kazeeka, yakhe."

"Basi na aje mzee."

Nusu filamu jasusi anafungua mdomo kimya, mbwa ndo anasikika. Watu wakaanza kutafuta viatu. Mara adui huyo, anamnyatia jasusi juu ya paa, kisu mkononi. Sote tukamgeukia mfasiri. Akajikaza, akajikaza, kisha akainyakua maikrofoni: "Nyuma yako, mwanangu!"

Jasusi akageuka.

Mfasiri akatutazama mmoja mmoja. "Mnaona? Kijana msikivu huyu." Akakohoa kidogo, akamsemea mpaka mwisho.