Ukuta Usiouliza Habari za Nyumbani

Mimi nina hasira za karibu, nisiwadanganye. Kwa hiyo mkuu wa shule aliponiambia, mbele ya walimu wenzangu na chai yao, kwamba wanafunzi wa kidato cha pili wanaotaka kuendelea na Fizikia hawajazi hata benchi moja, na kwamba hali isipobadilika hadi Ijumaa somo litafungwa nami nitapewa Uraia pamoja na usimamizi wa jiko, nilimjibu kabla sijameza andazi.

"Njoo kesho uwanjani," nikasema. "Utaona tukipima mwendo wa sauti kwa mikono mitupu."

"Haya, mwalimu, tutaona." Yeye ni mtu wa Tanga, anaongea kwa upole hata akikuchinja.

Jamani, jiko! Mimi niliyetoka Rungwe Mpya nikaisotea Fizikia mpaka macho yakauma, leo nikapime maharage!

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Shule yetu iko Kitahana, na ng'ambo ya uwanja wa mpira kuna ghala la zamani lenye ukuta mpana. Ukipiga kofi upande wa huku, sauti inasafiri hadi ukutani, inagonga, inarudi. Huo ndio mwangwi. Chukua umbali wa kwenda na kurudi, gawanya kwa muda, umepata mwendo wa sauti, kama mita mia tatu na arobaini kwa sekunde. Kofi moja halikupi nafasi hata ya kubonyeza saa ya simu, ndiyo maana darasa zima linapiga mfululizo kwa mpigo mmoja, kila kofi likiangukia juu ya mwangwi wa lililotangulia, kisha unagawanya muda wote kwa idadi ya makofi.

Nilichosahau, mimi Muha wa kuzaliwa, ni kwamba kwetu Waha makofi ni salamu. Ukikutana na mkubwa unainama na kupiga makofi taratibu, naye anakupigia, mnaulizana hali mpaka mtosheke.

Alhamisi darasa likajipanga, mkuu akasimama pembeni na mikono nyuma. Nikahesabu, wakaanza. Pa! Pa! Pa! Mpigo safi kabisa. Ndipo kwenye njia ya shamba akatokea bibi mmoja na kapu la mihogo kichwani. Akaona darasa zima linampigia makofi. Akatua kapu, akainama, akaanza kuitikia kwa Kiha, akiwasalimu watoto.

"Mwidiwe, bana! Mwidiwe!"

Sasa mtoto gani wa hapa atamwacha bibi anaitikia peke yake? Wote wakageuka, wakainama, wakapiga upya. Bibi akauliza habari za nyumbani, akauliza mvua, akauliza mbuzi. Mimi nimeshika simu, saa inaendelea kuhesabu. Salamu zilipokwisha, mwanafunzi mmoja akapiga hesabu kwa muda uliokuwa kwenye saa, akatangaza kwamba sauti ya Kitahana inapitwa na baiskeli inayoshuka mlima. Darasa likaangua kicheko. Mkuu akakohoa.

Bibi hakucheka. Alikuwa amepiga kofi la kuagana, na ng'ambo ya uwanja mtu akamjibu. Akapiga tena. Akajibiwa tena.

"Nani yule nyuma ya ghala?" akaniuliza. "Anaitikia, lakini haulizi habari za nyumbani. Na kujionyesha hataki!"

"Bibi, hakuna mtu, ni ukuta…"

"Mwalimu, ukuta una mikono?"

Akashika njia kuelekea ghalani, akipiga kofi kila baada ya hatua chache, amenuna kwelikweli. Nami nimesimama nikiiona Fizikia inaondoka na yule bibi. Nilitaka kulia, wallahi.

Mara msichana wa mstari wa mbele akasema, "Madam, sikiliza! Jibu linawahi!"

Kweli. Kila bibi alivyosogea, mwangwi ulimrudia haraka zaidi. Darasa likatega sikio, hata mkuu. Bibi akafika karibu kabisa na ukuta, akapiga kofi kubwa. Kimya. Akapiga tena. Kimya.

"Mmeona?" akatupigia kelele kutoka kule. "Ukimfuata ananyamaza! Hana adabu!"

"Madam, kwa nini ananyamaza?" Waliuliza kwa pamoja, wengine wameshaanza kukimbia kwenda kujaribu wenyewe. Nikawaeleza huku nakimbia nao: hajanyamaza, jibu linarudi upesi mno, sikio linashindwa kulitenganisha na kofi lenyewe. Wakarudi nyuma wakipiga, mpaka ukuta ukaanza kujibu tena, wakashangilia. Bibi alikagua nyuma ya ghala, akakuta kuku, akawakaripia.

Mkuu akachukua fimbo yake, akarudi ofisini. Sikulala vizuri.

Ijumaa asubuhi, mstarini pale pale uwanjani, alisimama mbele ya kidato cha pili. "Wanaotaka Fizikia," akasema kwa ule upole wake, "wapige kofi moja."

Nikafumba macho. Likapigwa kofi moja zito, mstari mzima, nikahisi kifua kinatikisika. Ukuta ukajibu. Halafu, nyuma yetu, yakaja makofi mengine, taratibu, ya mtu mmoja. Bibi alikuwa njiani, ameshatua kapu, ameinama.

"Na yule naye anataka Fizikia?" mkuu akaniuliza.

"Yule alishaanza jana, mkuu."

Mtu wa Tanga akaweka fimbo yake chini, akainama vibaya vibaya kama mgeni, akampigia bibi makofi.

"Huyu," bibi akauambia mstari mzima, "walau anaonekana."